Kodi Imelipwa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili ni la kusomea mita. Lilibaki mkononi mwangu siku ya kuagwa kazini, likiwa tupu, na sidhani kama Idara ya Maji itakuja kulidai. Miaka thelathini na moja nimeandika namba za nyumba za watu. Sasa nina namba yangu mwenyewe: milioni ishirini na mbili, kiinua mgongo chote, imeingia benki Ijumaa. Nimefurahi, halafu nikaogopa, halafu nikasikia njaa.

Mke wangu ameuliza tutaifanyia nini. Nikamwambia pesa ikikaa benki inalala, lakini ikigeuzwa nyumba ya kupangisha itaamka nasi kila tarehe moja. Akasema, "Na ikiugua tutakesha nayo." Yeye ni fundi cherehani, ana mashine tatu kwenye fremu ya duka aliyopanga, na ulimi wake nao una sindano.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimeonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ina ufa, ya pili ina kesi.

Jumamosi, 9 Machi

Dalali wangu anaitwa Miwani kwa sababu huivaa kwenye paji la uso na hakuna aliyewahi kumwona akiishusha machoni. Leo kanipeleka kwenye nyumba ya vyumba vinne, kila chumba na mlango wake, uwanja wa saruji katikati, bafu na choo nyuma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini hivi. Anauza ili atibiwe magoti na kuhamia kwa binti yake.

Kabla ya kutazama paa nilitazama mita. Watu tisa, uniti kumi na nane kwa mwezi. Maana yake hakuna bomba linalovuja na hakuna anayefua nguo za biashara kwa siri. Nikawaambia hivyo. Mwalimu akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

Anataka milioni thelathini na tatu. Kila chumba ni elfu themanini kwa mwezi, kwa hiyo vyote vinne ni laki tatu na ishirini. Nimerudi nyumbani nikihesabu kwa hatua.

Jumapili, 10 Machi

Hesabu yenyewe ni hii. Milioni ishirini na mbili ninazo. Inayopungua naikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, rejesho laki mbili na sitini na tano kila mwisho wa mwezi, miaka minne. Wapangaji wanalipa laki tatu na ishirini. Inabaki elfu hamsini na tano ya rangi na misumari. Nyumba inajilipa yenyewe, mimi kazi yangu ni kuipokelea.

Mke wangu alisikiliza akiwa na pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Chumba kikikaa kitupu miezi miwili?"

"Hakitakaa."

"Paa likitoboka?"

"Halitatoboka, bati ni nzito."

"Mtu akishindwa kulipa?"

"Hawatashindwa. Nimeona mita yao."

Akasema, "Baba watoto, nimesikia 'hakita' na 'halita' nyingi. Sijasikia 'ikiwa' hata moja." Lakini chama kinataka dhamana, na dhamana tuliyonayo ni mashine zake tatu. Nyumba tunayoishi hati yake bado ina jina la marehemu baba, nayo haikubaliki. Aliwaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema ataandikisha.

Alhamisi, 14 Machi

Leo tumefanya bei, mimi, mke wangu, mwalimu na Miwani, tumebanana kwenye sebule moja huku mvua ikipiga bati kiasi cha kutulazimisha kusema kwa sauti.

Nilianza na madeni. Kazini nimeona watu wakilia kwa sababu ya deni la mtu aliyeuza na kuondoka. Deni huifuata nyumba, halimfuati mtu. Nikauliza, "Mwalimu, bili ya maji?" Akatoa risiti. "Umeme?" Kila mpangaji ananunua wake. "Na kodi?"

Akasema, "Kodi imelipwa yote, baba, mpaka mwisho wa mwaka. Usije ukawasumbua watu. Na kwa kuwa imelipwa, ngoja nikupunguzie." Akachukua penseli, akaandika nyuma ya bahasha, akafuta, akaandika tena. "Milioni thelathini, laki moja na ishirini elfu. Hapo sishuki."

Nani anapunguza bei kwa namna hiyo? Bei ya kupunguza huwa duara, thelathini au thelathini na moja. Pia sikuelewa kwa nini yeye kulipa kodi serikalini kushushe bei badala ya kuipandisha. Lakini mtu akikupunguzia huulizi sana, usije ukamkumbusha. Nikamshika mkono.

Njiani mke wangu akauliza, "Kwa hiyo umepiga hesabu upya?"

Nikamwambia nimeshapiga, tumeokoa karibu milioni tatu. Akaninyanyulia mwavuli kidogo, maana mimi ni mrefu, tukaenda.

Ijumaa, 22 Machi

Tumesaini mbele ya wakili. Nilimwomba aniachie niandike sentensi moja kwa mkono wangu, ili baadaye asije mtu akanigeuka: "Muuzaji anathibitisha kuwa kodi imelipwa yote hadi mwisho wa mwaka huu." Mwalimu akaisoma, akaweka koma mahali nilipoisahau, akasaini. Mimi ni mwenye nyumba.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemuaga mke wangu kwamba nakwenda kwenye nyumba. Akasema niwasalimie. Nilivaa shati la kuagiwa kazini na kubeba kitabu kipya cha risiti.

Chumba cha kwanza ni cha fundi redio. Amejaza vipaza sauti mpaka kitanda kimesimamishwa ukutani. Nikajitambulisha, akafurahi, akanipa kiti.

Nikasema, "Nimepitia kodi."

"Kodi gani, mzee?"

"Ya mwezi huu."

"Tumeshalipa."

Nikacheka, nikamwambia najua leo ni sikukuu ya wajinga. Yeye hakucheka. Akafungua kopo la misumari, akatoa karatasi yenye mwandiko wa mwalimu: imepokelewa kodi ya miezi kumi na miwili, Januari hadi Desemba.

Nikaenda chumba cha tatu, cha nesi. Alikuwa amerudi zamu, macho mekundu, akanikaribisha hivyo hivyo. Naye ana karatasi, mwandiko ule ule. Chumba cha pili na cha nne nao hivyo hivyo. Wananitazama kwa huruma, na mimi nawatazama kwa mashaka. Watu wanne hawawezi kulipa mwaka mzima kwa pamoja, nikasema moyoni, hawa wamepanga. Fundi redio akanieleza kwamba mwalimu aliwaomba wote Januari, kwa ajili ya magoti. Wengine walikopa ili wamlipe.

Kitabu cha risiti nimerudi nacho kama kilivyotoka dukani. Sijamwambia mke wangu kitu. Nimemwambia wanasalimia.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda halmashauri, nianzie kwenye jambo lililo wazi. Nikamwambia karani nataka uthibitisho kwamba kodi ya jengo langu imelipwa mpaka mwisho wa mwaka. Akabofya, akasubiri, akabofya.

"Ya mwaka jana imelipwa. Ya mwaka huu hatujaanza hata kupokea. Nani amelipa?"

"Muuzaji."

"Amelipa wapi?"

Kwa hiyo kodi ambayo mwalimu amesema imelipwa haijalipwa, na kodi ambayo hakuisema imelipwa. Nimekaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaniuliza kama najisikia vizuri.

Jumatano, 3 Aprili

Nilikwenda kwa binti wa mwalimu nikiwa nimeshika mkataba na hasira. Mwalimu alikuwa amenyoosha miguu kwenye kiti cha pili, magoti yamefungwa bandeji. Ukimkuta mtu hivyo hasira inakosa pa kukaa. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwalimu, ulisema kodi imelipwa."

"Imelipwa."

"Halmashauri wanasema bado."

"Halmashauri wanahusika nini na kodi ya wapangaji?"

Nikampa mkataba. Akaisoma sentensi yangu, taratibu, kidole chini ya kila neno.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi."

"Kodi ipi?"

Ni kweli, ipi? Nimezaliwa na neno hili, nimezeeka nalo, na sikuwahi kuona kwamba lina milango miwili. Serikali inadai kodi, mwenye nyumba anadai kodi. Nilipouliza mimi nilikuwa nimesimama mlango mmoja, yeye akanijibu kutoka mlango wa pili, na tukashikana mikono.

Mwalimu akaagiza bahasha ile. Ilikuwa bado ipo, walimu hawatupi karatasi. Laki tatu na ishirini mara miezi tisa, Aprili hadi Desemba: milioni mbili, laki nane na themanini elfu. Toa kwenye thelathini na tatu. Inabaki ile bei niliyoishangaa, mpaka elfu ya mwisho.

"Sijakudhulumu hata shilingi," akasema. "Kodi niliyokula nimekurudishia kwenye bei. Nilikuona mtu wa hesabu, nikajua umeelewa."

Na kweli hajanidhulumu. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Nikitafuta mwizi simwoni. Kwa karatasi nyumba ina faida ile ile niliyoihesabu. Ila ya mwaka huu nilipewa yote siku ya kwanza, ndani ya bei, nami nikaona nimepata bei nzuri nikakopa kidogo kuliko nilivyotarajia; rejesho likabaki lile lile, muda tu ndio ukapungua. Chama hakipokei bei nzuri. Kinataka laki mbili na sitini na tano kila mwisho wa mwezi, na mpaka Januari hakuna mlango hata mmoja utakaonipa.

Jioni nimemweleza mke wangu yote. Akauliza, uzi mkononi, "Yote hiyo umeijua leo?" Nikasema leo. Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Sina la kuandika, nina la kuwaza.

Jumamosi, 13 Aprili

Bati nzito imetoboka. Si mahali pengine, juu ya kitanda cha nesi. Fundi na bati mbili, laki moja na arobaini. Nesi akaniambia kwa upole, "Baba mwenye nyumba, pole." Nyumba isiyonipa senti inanichukulia senti. Najiuliza huwa watu wanatajirika vipi kwa kazi hii.

Jumatano, 24 Aprili

Nesi amehamishwa kituo. Anaondoka mwisho wa mwezi huu. Amekuja nyumbani kwetu na karatasi yake, amekaa pembeni ya kiti, ameomba arudishiwe miezi minane aliyolipa na hataikaa. Laki sita na arobaini. Nikamwambia hakunilipa mimi. Akasema anajua, alimpigia mwalimu, na mwalimu alimjibu kwamba hizo pesa ziko kwangu, ndani ya punguzo.

Nilitaka kusema si kweli. Lakini ni kweli. Niliziona kwenye bahasha kwa macho yangu. Zimegeuka tofali na siwezi kung'oa tofali nane nikampa.

Mke wangu akamwambia, "Mwanangu, utalipwa. Tupe mwezi mmoja." Alipotoka nikamuuliza tutamlipa kwa pesa zipi. Akasema, "Wewe ndiye mwenye hesabu," bila kejeli, kama anayeuliza hali ya hewa. Sikumwelewa.

Jumanne, 30 Aprili

Nimelipa rejesho la kwanza. Benki imebaki elfu kumi na nane.

Jumatano, 8 Mei

Uwanja wa nyumba umetuama maji. Nimezibua mtaro mwenyewe. Fundi redio alinishikia koleo na kunieleza kwamba spika zake zinapata ukungu. Mwezi uliopita nilimdhania mwongo. Kumbe alikopa kwa riba ili kodi yake ya mwaka itimie, naye bado analipa. Sote wawili tunalipia vyumba vile vile kwa wakopeshaji tofauti.

Jumatano, 15 Mei

Barua ya chama. Inakumbusha kwamba rejesho la pili ni tarehe 31, na kwamba likichelewa siku kumi na nne "dhamana itashughulikiwa". Mwenyekiti ameileta mwenyewe, ni rafiki yangu, tulicheza bao pamoja ujana wote. Akaomba apite kwenye fremu aone mashine, "kwa utaratibu tu". Mke wangu akasimama, akazifunua kitambaa moja baada ya nyingine, akamsomea namba zilizochongwa chini ya mkono wa mashine. Ile nyeusi ya kushonea kingo aliinunua kwa sare za shule mia mbili na kumi. Najua kwa sababu nilizikunja mimi.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi nimekwenda kukata maji ya watu kwa miaka thelathini na moja, kwa utaratibu tu.

Jumamosi, 18 Mei

Miwani amekuja na mteja. Milioni ishirini na sita, taslimu.

"Mzee wangu, uza upumue," akasema. "Mvua hii hakuna wa kukupa zaidi."

Nikahesabu. Nikiuza, nalipa chama, nalipa nesi, na kiinua mgongo changu cha milioni ishirini na mbili kinarudi kikiwa kumi na saba na ushei. Hasara ya karibu milioni tano kwa miezi miwili ya kuitwa baba mwenye nyumba. Nisipouza, mashine zinaondoka. Nikageuza hesabu juu chini, nikaanza na Desemba nikarudi nyuma, nikafika pale pale. Sijui kama ninayoogopa ni hasara au ni kuchekwa. Nikamwambia Miwani arudi Jumatatu.

Jumapili, 19 Mei

Nilimpa mke wangu daftari hili, ukurasa wa hesabu, nikamwambia, "Mimi sijui. Niambie wewe."

Nadhani ni mara ya kwanza. Aliushika ukurasa kwa mbali kama anavyoshika kitambaa kuona kina kasoro wapi. Akasema, "Nyumba inayokosa pesa ni ile. Hii tunayokaa ina vyumba vitatu, na sisi tuko wawili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuipangishe hii. Sisi tuhamie chumba cha nesi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: hii haitakosa laki tatu kwa mwezi, tukichukua miezi sita kwa mkupuo, nesi analipwa yake yote, na rejesho la miezi minne linapatikana. Fremu anairudisha, kodi ya fremu inaokolewa, mashine anaziweka chumbani na sisi. Septemba hadi Novemba atalipia kwa kushona, na Desemba kodi ya hapa inaanza tena.

Nikasema, "Na mtu wa hapa akihama katikati? Akidai zake?"

"Ndiyo," akasema. "Ikiwa atahama, tutakuwa pabaya. Nimehesabu na hilo." Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa na daftari.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemwambia Miwani hapana. Kaniomba nauli.

Jumamosi, 25 Mei

Tumehama katikati ya manyunyu. Kabati halikuingia mlangoni, tumemwachia mpangaji wetu, dereva wa gari la mizigo mwenye mke na mapacha. Alitupa pesa za miezi sita kwenye bahasha. Nikaandika risiti: imepokelewa kodi, ya pango, Juni hadi Novemba. Akauliza kwa nini nimeandika "ya pango". Nikamwambia ni mazoea.

Nesi katumiwa zake zote huko alikohamia. Na mimi nimekula kodi ya miezi ambayo haijafika, vile vile kama mwalimu. Nilipoliona hilo nilikaa kwenye ngazi kidogo.

Jumatano, 29 Mei

Rejesho limelipwa siku mbili kabla. Mwenyekiti kaniuliza kama nimepata mradi. Nikasema nimepata chumba.

Jumatatu, 3 Juni

Fundi redio ananiamsha kwa taarifa ya habari. Zamu yangu ya kufagia uwanja ni Jumatatu na Alhamisi. Nimefagia.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya nne bila mvua. Mke wangu alifungua dirisha, akasogeza mashine nyeusi kwenye mwanga, na ili apate nafasi ya kuketi ikabidi mimi nipandishe miguu kitandani. Ana shuka thelathini za zahanati, nesi ndiye aliyemtafutia kazi hiyo huko alikohamia. Nikamtazama anavyopima, na swali ambalo limenizunguka tangu Aprili likanitoka.

"Siku ile kwa mwalimu, aliposema kodi imelipwa, wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia kodi. Ya wapangaji." Hakuinua kichwa. "Mimi neno hilo nimelilipa kila mwezi kwenye fremu, miaka kumi na saba. Hiyo nyingine ni yenu ninyi wa ofisini."

"Kwa hiyo ulijua. Siku ile ile."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo akaacha kupima. "Njiani nilikuuliza kama umepiga hesabu upya. Ukaniambia umeshapiga. Mimi nikawaza, basi miezi tisa atailipa kwa kitu, mtu hawezi kuweka mashine zangu rehani bila kitu. Nikajua una akiba mahali ambayo hujaniambia. Hata Aprili uliporudi umechanganyikiwa, nilisema moyoni anaogopa kuitaja. Niliingoja mpaka siku mwenyekiti alipokuja kusomewa namba."

Kwa wiki tisa mke wangu alikuwa amekaa na mtu mwenye akiba, na mtu huyo hakuwapo. Nilikuwapo mimi tu. Nikasema, "Sikuwa nayo."

"Najua sasa," akasema. Akakunjua shuka nyingine, akanipa ncha mbili nishike kutoka kitandani nilipo. "Shikilia, usivute." Nikashika, akakata.